Kijiti cha Shemeji

Dada yangu alipotuambia kwamba mchumba wake ni kondakta, mama aliuliza ni wa basi gani. Tulicheka mpaka machozi, na shemeji mwenyewe akacheka, ila mimi niliendelea kumcheka kimoyomoyo miaka nenda rudi. Mwanamume mzima, kazi yake kupunga kijiti mbele ya watu ambao ndio wanaopiga muziki. Kwetu alikuwa akiongoza bendi ya polisi na kwaya, na watu walimheshimu. Dada alipopata kazi ya uuguzi ughaibuni tukamfuata sote wawili, mimi na shemeji, na heshima yake ikabaki uwanja wa ndege.

Kule alipakia makreti ya soda ghalani, akafundisha piano watoto wasioitaka, na jioni akatunga muziki kwenye meza ya chakula huku mimi namsukumia sahani makusudi nimuudhi. Hakuudhika, na hilo liliniudhi zaidi. Hatimaye okestra ya mji ikamchukua awe msaidizi: kupanga viti, kugawa karatasi za muziki, na mara mojamoja kushika kijiti kiongozi mkuu akiugua.

Kisha hospitali ikafunga wodi ya dada, na kibali chetu cha kuishi kikawa kinaning'inia. Mwezi huohuo kiongozi mkuu akastaafu. Bodi ikampa shemeji onyesho moja la majaribio, Jumapili alasiri, na kipande cha mwisho kiwe kile alichokuwa akimtungia dada pale mezani. Akifaulu atapata mkataba, na mkataba ndio kibali. Akishindwa, tufungashe virago.

Nilikwenda mazoezini kumpelekea chakula, nikakuta balaa. Kwetu kijiti kikishuka, sauti inatoka papo hapo. Hawa wa kule wana desturi yao: kijiti kinashuka, wanavuta pumzi pamoja, ndipo wanapiga. Shemeji alilijua hilo vizuri, na nyimbo za watu wengine hazikumsumbua. Ila huu wake alitaka kuusikia. Akawa anasubiri sauti ifike kabla ya kuendelea, nao wanamsubiri yeye, na wimbo ukazidi kupunguza mwendo mpaka ukasimama kabisa. Wapiga tarumbeta walikuwa wameshambatiza jina, Bwana Subira.

Mpiga fidla wa kwanza, mama mmoja mwenye mvi asiyependa maneno mengi, alishusha fidla yake.

"Mwalimu, unatusikiliza mno."

"Sasa nisipowasikiliza, nitajuaje mnapiga nini?"

"Hutajua. Wewe tangulia, sisi tutakuja. Ukigeuka kututafuta, tunazama wote."

"Mama, huu wimbo sijawahi kuusikia isipokuwa kichwani."

"Basi chagua, kuusikia au kuuongoza," alisema, akarudisha fidla begani.

Nyumbani hakugusa chakula. Dada alimwambia asijitese, tutaishi popote.

"Popote ndiyo wapi?" nilidakia. "Shemeji, fanya alivyokwambia yule mama. Usituletee usanii kwenye mambo ya kibali."

Alifunika sahani, akaenda kulala. Nilijua nimemuumiza, na sikujali.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wajumbe wa bodi walikaa safu ya mbele, mikono kifuani. Vipande vya watu wengine vilikwenda salama, kisha kikaja chake. Kijiti kikashuka. Kimya, kisha sauti. Walipofika katikati nikaona bega lake linasita vilevile kama mazoezini, kijiti kikaganda hewani, na fidla zikaanza kulegea. Dada alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Mjumbe mmoja wa bodi akamwegemea mwenzake, akamnong'oneza kitu.

Mama wa fidla aliinua macho, akamkazia. Shemeji akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, akatangulia. Tangu hapo mkono wake ulikuwa mbele yao, amekaza uso, midomo ikihesabu bila sauti, na hakugeuka tena kuwatafuta. Okestra ikamfuata mpaka mwisho. Watu walisimama kupiga makofi, na mwenyekiti wa bodi akampa mkono palepale jukwaani, akamwambia Jumatatu aje kusaini.

Tulimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, shati limelowa chapachapa. Dada alimkumbatia. Nilimpa hongera, na safari hii niliitoa moyoni. Alikaa kwenye kiti, akanitazama mimi, nadhani kwa sababu alijua sitampaka mafuta.

"Shemeji, hebu niambie. Pale fidla zinapoachwa peke yake, ilikuwaje? Mimi nilikuwa nimeshafika mbele. Sikusikia kitu."

Muda wote nilikuwa nikitazama mkono wake na nyuso za bodi, moyo ukinidunda masikioni. Nikamgeukia dada, mwenye wimbo wake. Naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hata mimi sikusikia," nilisema. "Nilikuwa naogopa."

Shemeji akamtazama dada. Dada akatikisa kichwa.

"Basi nyumba nzima hakuna aliyeusikia," alisema, akainama kufungua kamba za viatu.