Kurasa Zilizofungiwa Njugu

Enzi zetu sisi tuliolelewa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, hakikutupwa kitu, hata karatasi. Kamusi ya Kiingereza na Kijerumani iliyosahauliwa na mtalii ilitufikia ikianzia herufi L. Kurasa zote za kabla yake, jirani yetu Bi Mize alikwisha kuzifungia njugu, nasi tulizinunua na kuzila tukilamba chumvi juu ya maneno tusiyoyajua.

Dada yangu Zuhura aliing'ang'ania kamusi ile. Nyumba moja ya wageni Mkunazini ilitaka msichana wa mapokezi anayejua Kijerumani, na baba alishasema asipopata kazi ataozwa binamu yetu wa Makunduchi. Binamu alikuwa mtu mwema, ila akicheka utadhani mbuzi kashikwa mkia.

Basi tukajifunza kwa njia pekee tuliyoijua, ile ya chuoni tuliposomea Kurani: tumekunja miguu mkekani, tunayumba, mmoja anatoa, mwenziwe anaitikia. Nikisema "light", neno la Kiingereza la kila siku, Zuhura anajibu kwa pumzi moja: "Licht, Lampe, hell, leicht, anzünden." Hatukujua kwamba mtu huchagua moja, kwani chuoni aliyeruka neno alikula bakora. Na ile ch ya "Licht" tuliisoma kama kh ya Kiarabu, ambayo vijana wa leo wanaionea uvivu; sisi tuliitoa kooni mpaka mama akauliza nani kakwamwa na mwiba.

Siku ya kujaribiwa nilimsindikiza. Mwenye nyumba alituweka mbele ya bibi wa Kijerumani, mwalimu mstaafu. Mama alikuwa akisema mgeni husalimiwa kwanza, maneno baadaye, lakini salamu zote za Kijerumani zilikwenda na njugu.

"Sasa mie ntamwambiaje huyu?" Zuhura alininong'oneza, jasho linamtoka.

Akaishia kumshika mkono na kumwambia, "Shikamoo." Bibi akatabasamu, akaomba kwa Kiingereza awashiwe taa. Niliposikia "light" tu nikajua tumekwisha. Zuhura alifumba macho, akaanza kuyumba, akayashusha yote matano.

Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia aanze tena polepole, na kwa kila neno akamwonesha kitu: mwanga dirishani, taa, ukuta mweupe, mkoba usio na uzito, kibiriti. Zuhura alipata kazi. Binamu alioa kwengine, na pilau ya harusi yake tulikula bila haya, sahani mbili mbili.

Siku hizi wanangu wanainong'oneza simu, inawapa neno moja, sahihi kabisa, na kesho wameshalisahau. Nikiwaambia sisi tulikuwa na matano, wananionea huruma.

Zuhura hatunaye tena, Mungu amrehemu. Nimem-miss kuliko ninavyokubali mbele ya watu. Juzi umeme ulikatika, wanangu wakawasha simu zao, kila mmoja kivyake. Mimi nikakaa mkekani, nikasema "light" kwa sauti, nikangoja.