Gurudumu Lililotangulia kwa Wakwe

Kosa ni langu, jamani, msimtafute fundi. Fundi alitoboa pale nilipomwonyesha.

Baba ana Pijo ya zamani, ile ambayo kila gurudumu lina nati tatu tu. Ameitunza tangu enzi za ualimu wake hapa Migori, na huiosha mwenyewe huku akiisemesha. Nilipopata mchumba wa Rusinga, siku ya kwenda kumwomba mama yake ridhaa ikawadia, ile tunayoiita ayie. Baba akanikabidhi ufunguo. Alinipa sharti moja: irudi jinsi ilivyotoka.

Mimi nikaitazama Pijo nikaona haya. Nati tatu! Rimu za bati! Wenzangu wana rimu zinazong'aa hadi unajiona meno. Nikapata za kwangu kule Isebania, ila zilikuwa za nati nne. Mtu mwenye akili angezirudisha. Mimi nikampelekea fundi gari, atoboe mashimo mapya kwenye habu, kile chuma gurudumu linapofungwa.

"Boss, hii habu nikiongeza mashimo zingine, itabaki nyembamba," akasema. "Na vile ilikuwa haitarudi."

"Wewe toboa," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua magari. Sijui magari!

Siku ya safari, mshenga wangu alikaa mbele nami. Ni mjomba wangu, mtu wa maneno mengi. Tulipopita Homa Bay usukani ukaanza kutetemeka.

"Mpwa, hii gari inaogopa wakwe ama ni nini?" akauliza.

Nikaongeza sauti ya redio. Yawa, nikaongeza redio!

Mteremko wa mwisho kabla ya boma la wakwe ndio ulioniumbua. Nilisikia kitu kikikatika upande wa kushoto, gari likainama, likaburuta chuma hadi likasimama kwenye nyasi. Gurudumu halikusimama. Liliendelea na safari peke yake, likaingia langoni, likawapita wazee waliotoka kutupokea, likaenda kulala karibu na miguu ya mama mkwe.

Kwa desturi yetu, siku hiyo bwana harusi hasemi, mshenga ndiye husema. Mjomba alijikung'uta vumbi, akaingia bomani na kutangaza bila kupepesa macho, "Mama, huyo tumemtuma atangulie kupiga hodi!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe naye akacheka, akasema, "Huyo amefika salama. Sasa leteni yule mwingine."

Ridhaa nikaipata, na jina jipya juu yake. Hadi leo shemeji zangu huniita Nati Nne.

Ningecheka nao kama si Baba. Habu ilikuwa imepasuka kutoka shimo hadi shimo, na nyingine ya aina ile nimeitafuta hadi Kisumu nikaikosa. Pijo ilirudi Migori imebebwa juu ya lori. Baba aliizunguka polepole. Nilisubiri anifokee, na laiti angefoka! Alizigusa zile rimu zangu kwa kidole, akaniuliza, "Kwani gari yangu ilikuwa inakuaibisha?"

"Hapana, Baba. Nilitaka tu ipendeze."

"Haya," akasema, akaingia ndani.

Nilimdanganya. Ilikuwa inaniaibisha. Na Baba mwenyewe pia alikuwa ananiaibisha kidogo, na kofia yake ya sufu na Pijo yake ya nati tatu. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu ninaandika hapa bila jina.

Nanyi vijana mnaojiandaa kwenda kwa wakwe, tafadhali, nendeni na gari la mzee lilivyo. Hata likichekwa njia nzima, mkirudi nyumbani mtaweza kumtazama usoni. Mimi siku hizi nikiongea na baba yangu naangalia viatu vyake.