Mapipa Kumi na Moja na Mkoromo wa Baba Mdogo

"Sasa shangazi, ukikosea je?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka saba, siku aliyoniambia kwamba kazi yake ni kujua kilichomo ndani ya mapipa bila kuyafungua. Alicheka, akanifunga kamba za viatu.

Shangazi hupima taka za nyuklia. Kazini wanamwita Mama Mapipa. Ndani ya mapipa yake ya chuma mna vipande vya mabomba vyenye kobalti na nikeli za mionzi. Kobalti ina kelele: mionzi yake hupenya chuma, kipimo kikaisikia kutoka nje. Nikeli ni kimya, yake haivuki hata ukuta wa pipa. Kwa hiyo hufungua mapipa machache tu, vipande vikaenda maabara, wakajua penye kobalti kiasi fulani pana nikeli kiasi gani. Mengine yote hukadiriwa kwa uwiano huo.

Nilipokuwa sielewi, alinionyesha mlango wa chumba cha baba mdogo na mkewe, na baba mdogo alikuwa anakoroma mpaka vikombe kabatini vinagongana.

"Mama mdogo unamsikia?"

"Simsikii."

"Lakini yumo?"

"Si wamelala wote!"

"Basi ndiyo kazi yangu hiyo."

Mwaka jana baba mdogo alipungua mwili, na mkoromo ukaisha. Jumapili moja mchana bibi alitaka kwenda kwa jirani. Akatega sikio: kimya. Akafunga mlango wa mbele, akaondoka na ufunguo. Mimi na shangazi tuliporudi tulimkuta baba mdogo dirishani ameshika nondo kama mfungwa, mama mdogo nyuma yake amenuna.

"Mama, umetufungia!"

"Mimi ningejuaje kama mmo?" bibi akafoka akija na ufunguo. "Siku hizi hukoromi!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Shangazi peke yake hakucheka.

"Mkoromo umeisha, na wifi yumo vilevile," alisema polepole. "Mungu wangu. Yale mapipa kumi na moja!"

Yalikuwa yamefungwa zaidi ya miaka kumi. Kobalti huchoka upesi. Kwa muda huo hubaki kama robo tu. Nikeli ndiyo kwanza inajinyoosha, karibu yote ingalipo. Naye alikuwa ameyakadiria kwa uwiano wa mapipa mapya, akatia saini kwamba ni taka hafifu. Kesho yake asubuhi yangepelekwa kwenye shimo la juu juu, yafukiwe.

Alimpigia mkuu wake palepale uani, simu ikiwa kwenye spika.

"Bosi, zuia lori."

"Mama Mapipa, saini si yako hii? Miaka kumi na tisa hujakosea, unataka kuanza leo?"

"Nimeshaanza. Zuia lori."

Lori likazuiwa. Baada ya wiki tatu maabara ikaleta jibu: nikeli ilikuwa karibu mara nne ya alichoandika. Mapipa yakahamishiwa ghala la chini kabisa, na uwiano sasa huandikwa pamoja na mwaka pipa lilipofungwa. Wenzake wamembadilisha jina. Ni Mama Mkoromo.

Juzi asubuhi, akivaa viatu vya kazi, nilimkumbusha swali langu la zamani.

"Ukikosea?" Alivuta kamba, akakaza fundo. "Unafungua pipa, mwanangu. Halafu unasema ni wewe. Haya, nipe kofia yangu, nachelewa."