Mume Wangu Hakufukuzwa Kizimbani

Mume wangu hakufukuzwa kizimbani. Hakuwa amelewa, wala hakuhongwa. Wanaoyasema hayo saluni na misibani hawajawahi kukanyaga mahakamani, isipokuwa shemeji yangu, mdogo wake wa damu, aliyekuwepo siku ile akasinzia mdomo wazi. Yeye ndiye chanzo.

Marehemu alikuwa mchunguzi wa mioto. Jengo likiungua, yeye ndiye aliyepiga magoti kwenye majivu, akarudi na soksi nyeusi ambazo sikuziruhusu zivuke mlango wa jikoni. Alikuwa na mwiko mmoja: hakutaka kuambiwa nani anashukiwa.

"Mama watoto, nikishajua mtu, macho yangu yatamtafuta yeye badala ya moto," aliniambia. Nilimwelewa. Sikusoma bure.

Ghala la magodoro likaungua, mlinzi wake akashtakiwa kwa kulichoma. Wakili wa mlinzi akamwita mume wangu. Alieleza kwa utulivu kwamba nyaya za nyuma ya swichi kubwa zimeyeyuka, na huenda moto ulianzia humo. Ila dari ilikuwa imeangukia pale pale, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba ndivyo.

Jaji akavua miwani. "Mshtakiwa ni yupi hapa?"

"Simjui, Mheshimiwa."

"Humjui! Umekuja kumtetea mtu usiyemjua?"

"Nimekuja kueleza moto, Mheshimiwa. Mtu sikuulizwa."

Watu wakacheka. Jaji naye akacheka, cheko la mtu aliyeshiba.

Kabla ya mume wangu alikuwa amepanda mtaalamu wa upande wa mashtaka, ambaye nyumbani kwangu hana jina jingine ila Bwana Uzoefu. Alifika ghalani mvua imeshalitwanga, na polisi wameshamsimulia kila kitu njiani.

"Ulijuaje kwamba yalimwagwa mafuta ya taa?" wakili wa mlinzi akamuuliza.

"Kwa uzoefu wangu. Nilinusa."

"Baada ya mvua zote zile?"

"Pua hii, wakili, haijawahi kunidanganya."

"Ulipeleka chochote maabara?"

"Cha nini?"

Katika hukumu yake Jaji alimsifu Bwana Uzoefu kwa kujibu bila kusita. Mume wangu, alisema, hakujali hata kumfahamu mshtakiwa. Mtu mzima, mwenye joho, anapima elimu kwa ukubwa wa sauti! Kwa kipimo hicho hata mpiga debe ni profesa.

Mlinzi akafungwa. Mume wangu alifariki rufaa ikiwa bado inangoja, na msibani kwake shemeji, sahani yangu mkononi, akawaambia wageni: "Kaka alijitahidi, lakini Jaji alimtimua."

Rufaa ilisikilizwa na majaji watatu, safari hii wenye akili. Mmoja akamuuliza wakili wa serikali, "Pua ni kipimo gani?" Yule bwana akafunua karatasi zake weee. Wakaamua kwamba jaji hafungwi na maoni ya mtaalamu yeyote, lakini lazima aulize mtaalamu huyo ameyapataje. Na kutomjua mshtakiwa, walisema, hakukuwa uzembe hata kidogo; kulimfanya shahidi aaminike zaidi. Mlinzi akaachiwa.

Alikuja kwangu na mkewe, nikawaingiza ndani, nikafunga mlango. Tangu hapo shemeji hakauki kwenye simu.

"Shemeji, alikwambia nini? Familia ina haki ya kujua."

Familia ipi? Ile iliyokula kwangu huku ikimsengenya marehemu? Aliyoyasema mlinzi niliyasikia mimi. Shemeji hatayasikia, wala mtu mwingine. Nimemaliza.