Zamu ya Kujikaza

Mama yangu aliacha kunigusa nikiwa na miaka kumi na miwili, na asiyejua habari hii atacheka nikimwambia kwamba ilipitia kwenye mchezo wa watoto.

Kaka yangu alikuwa akibeba mizigo dukani kwa mzee tuliyemwita Papa, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, pale Kashebere. Watoto wa yule Papa walikuwa wamekua na kuacha mambo ya kitoto, ndipo siku moja akampa kaka kimashine chao cha kuchezea. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni, kitufe kimoja ni kigumu, na maandishi yote ni ya Kifaransa. Tulikichaji kwenye jenereta ya duka, katikati ya simu za watu. Jioni kaka alirudi nacho kilimani kwetu, upande wa Masisi, na tukagombania nani aanze.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kupiganisha wanyama wa ajabu. Unamlea mnyama wako, anakutana na wa mwingine, wanapigana kwa zamu. Mimi nilikuwa mtu wa kupiga. Zamu yangu ikifika napiga, ikifika tena napiga. Hadi leo ndivyo nilivyo, mume wangu ni shahidi. Kaka alikuwa na mnyama mmoja mfano wa kobe, na huyo zamu yake ya kwanza hakumpiga mtu. Kaka alimchagulia kitu ambacho sisi wawili tulikiita kujikaza. Kobe anajikunja, mwanga unampita mwilini, na chini yanatokea maneno kwamba ulinzi wake umeongezeka. Adui anamchapa. Zamu ya pili anajikaza tena, anachapwa tena, lakini sasa kipigo kinauma kidogo. Kaka aliendelea hivyo mpaka mashine yenyewe ikasema haiwezi kuongeza zaidi. Hapo ndipo kobe alipoanza kupiga, taratibu, na adui akabaki kujichosha bure.

Mama alitutazama akiwa jikoni, na ilimkera.

"Hako kanyama kako na akili kweli? Kanapigwa, kenyewe kanajikunja tu!"

"Mama, kako kanajikaza. Ngojea, utaona."

"Miye nangojea kuni zenye haujaleta."

Kulikuwa na sharti moja. Ukimrudisha mnyama kwenye kifuko chake, hata kwa zamu moja tu, yote aliyojikaza yanafutika, na akitoka tena anatoka mtupu. Mimi nilisahau kila mara. Kaka alishika kichwa kana kwamba nimeunguza nyumba.

Kisha vita vikaja. Vilikuwa vikija na kuondoka tangu kabla sijazaliwa, lakini mwaka ule vilikaa. Shule ilijaa askari. Kila nyumba iliombwa kijana wa kulinda kijiji, na kwetu kijana alikuwa mmoja. Kaka alikuwa na miaka kumi na saba. Alipelekwa porini, upande wa Walikale, na huko akapewa dawa.

Dawa ile ni maji. Wenye kuijua wanakunyunyizia, na risasi ikikufikia, wanasema, inageuka maji nayo. Lakini ina miiko yake: usiibe, usirudi nyuma, na zaidi ya yote, mtu asiyepewa dawa asikuguse, hasa mwanamke. Wakubwa wengine kijijini waliguna. Mimi niliamini moja kwa moja. Nilikuwa nimemwona kobe kwa macho yangu akijikaza na kupona.

Siku moja ya Jumapili kaka alitokea uani. Alikuwa amekonda, kofia si yake, mikono ameiweka nyuma. Nilitaka kumrukia akanizuia kwa macho.

"Kaa huko, dada. Hapana nishike."

Akanieleza mwiko wa dawa. Nikaelewa haraka, nikakaa mbali naye hatua chache, na tukaongea hivyo, tukicheka. Aliniuliza kama kobe wake yuko mzima. Nilimwambia yuko, simrudishi kwenye kifuko hovyo siku hizi. Akafurahi.

Mama alikuwa shambani. Hakuna aliyemwambia chochote. Alipanda kilima na jembe begani, akamwona mwanawe uani kwake, akatupa jembe. Alimshika mikono yote miwili, kisha akamvuta kifuani na kumkumbatia, huku akilia na kumshukuru Mungu. Kaka alisimama kama gogo. Kisha mikono yake ikapanda polepole, naye akamkumbatia Mama. Hilo nililiona. Alimkumbatia kwa nguvu.

Alikula, akaaga. Nilimsindikiza hadi kwenye ua wa mianzi. Nilimuuliza sasa itakuwaje.

"Inarudia zéro," alisema. "Njo kama vile unarudisha kobe mu kifuko. Nitawaomba banipe ingine. Lakini mwenye kuitoa hayuko, na sisi tunaondoka kesho."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini Mama alikuwa upande wa pili wa ua, akimfungia mahindi ya njiani. Alisikia yote.

Wiki haikuisha. Kijana mwenzake alikuja kutuambia. Hatukupewa mwili, hatukuonyeshwa kaburi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu walimwambia Mama, nao walinyoosha mikono kumpa pole. Yeye aliificha yake ndani ya kitenge, hakumpa mtu hata mmoja.

Tangu siku hiyo hakunigusa. Sahani yangu aliiweka kwenye kigoda, ndipo niichukue. Nywele zangu alizisuka jirani. Nilipopata malaria alimwita huyo huyo jirani anishike paji la uso, naye Mama akasimama mlangoni akiuliza, "Iko moto sana? Iko moto sana?" Nilimkasirikia. Nasema kweli, nilimkasirikia kuliko nilivyowakasirikia waliomuua kaka, maana hao sikuwajua, na yeye alikuwa pale kila siku na mikono yake miwili mizima. Nilimkosa kaka, na nilimkosa Mama aliye hai.

Mchezo niliendelea nao, kwa sababu kobe alikuwa wa kaka. Jioni moja nilimkaza mpaka mwisho, mpaka mashine ikasema basi. Adui, kanyama kadogo ka kudharauliwa, akapiga mara moja tu, na kobe akaanguka. Kioo kiliandika kwamba lilikuwa pigo la hatari. Nilimwomba Papa wa duka anisomee maelezo vizuri. Pigo hilo, alisema, halitazami mnyama amejikaza mara ngapi. Linapita tu. Na hakuna anayelipanga, hata anayelipiga hajui. Nililia pale dukani mbele ya wateja, Papa wa watu akadhani nalilia mchezo.

Sikumwambia Mama. Sikujua pa kuanzia. Niliolewa Sake, na yeye akahamia Bweremana, kando ya ziwa, maana kilima chetu hakikukalika tena. Nilipojifungua mtoto wa kwanza nilimpeleka kwake. Kwetu mtoto wa kwanza anaogeshwa na bibi yake: anamkanda viungo kwa maji ya moto, anamnyoosha, anamsifu. Mama alikuwa amechemsha maji tayari. Lakini nilipomnyooshea mtoto, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mama, mupokee."

"Uogeshe wewe. Miye nitakuambia namna."

Basi nikasema. Yote niliyoyabana miaka hiyo yaliruka kinywani. Nilimwambia kwamba waliokufa na kaka siku ile walikuwa wengi, na hao hawakuguswa na mtu.

"Unajua je?" alisema. "Kila mumoja iko na mama yake."

Nikakimbilia kwa kobe. Nilimkumbusha kanyama kalikokuwa kakijikunja, nikamweleza kuhusu pigo la hatari, kwamba linapita hata kwa aliyejikaza mpaka mwisho, kwamba mikono yake haikufuta kitu, kwamba risasi ingempata kaka hata asingeshikwa na mtu. Nilidhani nimeshinda.

"Hiyo pigo," aliuliza, "inakuja wakati gani?"

"Haijulikane, Mama. Inakuja tu."

"Na hakuna kenye muntu anaweza kufanya?"

"Hakuna."

"Basi inaweza kuja na kwa huyu."

Alimwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Afazali ikuwe ni mikono yangu," Mama alisema. "Mikono yangu naweza kuikataza."

Mtoto alianza kulia. Nilikaa nimemshika, sijui nimbembeleze yeye au nijibembeleze mwenyewe. Mama alivumilia kidogo, kisha akavua kitenge cha begani, akakizungushia mikono yake yote miwili, mara mbili, mpaka vidole havikuonekana. Ndipo akainyoosha. Nilimweka mtoto juu yake. Akamshika hivyo, mbali kidogo na kifua, akimtazama sana, akimwimbia kwa Kihunde, lugha yetu, maneno niliyoyasahau tangu utoto wangu. Mtoto alinyamaza. Maji yakapoa kwenye beseni, na mwishowe nikamwogesha mimi mwenyewe.