Dishi la Kituo cha Kyela

Dorothea alitoka Bukoba mwaka 2000 kuja Kyela kuwa mkutubi wa kituo cha chuo kikuu, na jambo la kwanza alilogombania na wenyeji wake ni ndizi. Aliwaambia hawajui kuzipika. Walimcheka, wakamlisha, akanyamaza. Watu wa Mbugani, mtaa kilipo kituo, husema hawakumwona akinyamaza tena.

Mwaka wa sita chuo kilileta kompyuta nane, na dishi la intaneti likafungwa juu ya paa. Likaja na amri yake: ni kwa wanafunzi waliosajiliwa tu. Sasa wanafunzi wenyewe walikuwa walimu wa shule za vijijini, kama Angetile wa Ikolo. Siku za kazi wanafundisha, na Jumamosi kituo kimefungwa. Basi kompyuta zikavishwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, zikakaa. Baada ya miezi minane ikaja barua: dishi halitumiki, mwezi ujao fundi atakuja kuling'oa lipelekwe kwingine.

Dorothea alipandwa na hasira. Watu wanafungiwa mlango, halafu wanalaumiwa kwamba hawaingii!

Kesho yake alizivua kompyuta vitambaa vyote, akaufungua mlango kwa kila mtu, Jumamosi nayo ikiwemo. Akaja Angetile na kazi zake za chuo. Akaja Aliko, mkulima wa mpunga, kutafuta habari za kimyanga, ugonjwa uliokuwa ukigeuza majani ya mpunga wake kuwa manjano. Akaja Mwanaisha, muuza vitenge, aliyekuwa akijisomea kidato cha pili na miaka yake arobaini. Dorothea aliwafundisha mmoja mmoja, kwa ukali, nao wakaondoka wakisema, "Ndaga, mwalimu," yaani asante. Kila mmoja alimwandika daftarini, na pale panapotakiwa namba ya usajili aliandika "hana". Kurasa zikajaa hana, hana, hana.

Mkuu wa kituo, Deusdedit, mtu mwema ila mwoga, alilipitia daftari lile jasho likamtoka.

"Mama Dorothea, weka namba za wanafunzi hapo. Nani atajua?"

"Aliko atajua. Ametoka Ikolo kwa miguu yake. Siwezi kumwandika kwa namba ya mtu aliyekaa nyumbani kwake."

"Watakufukuza."

"Na wafukuze."

Fundi, kijana aitwaye Clemence, alifika Jumatatu saa tatu asubuhi na ngazi yake na spana. Dorothea alimpa kiti mlangoni.

"Barua yako inasema dishi halitumiki," alimwambia. "Subiri kiti kimoja tu kibaki wazi humo ndani, mwanangu, ndipo upande."

Clemence akaona si neno, watu watachoka. Aliponyanyuka Aliko, akakaa muuguzi. Alipoondoka muuguzi, akakaa Mwanaisha, na nje foleni imefika barabarani. Saa saba fundi aliletewa wali na samaki, akala, akashukuru, akaendelea kusubiri. Saa kumi aliomba daftari. Alizisoma zile hana zote mpaka mwisho, akacheka peke yake, akakusanya spana zake. Kwenye fomu ya kazi aliandika: "Sikuling'oa. Linatumika."

Makao makuu hawakucheka. Ilikuja barua ya onyo: Dorothea amevunja amri, ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asiachishwe kazi. Deusdedit alimsihi aombe radhi. Alimkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dorothea akamjibu kwamba guu lenyewe ni lake.

Aliandika jibu siku ileile. Aliambatisha nakala ya daftari, watu mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake. Radhi hakuomba. Aliomba kompyuta nyingine nane.