Trekta la Mjane na Kigoda Changu

Nisiseme uongo, yule mwanamke nilimwonea wivu hata kabla sijajua kama ana trekta. Alikuwa jirani yetu pale Ukonga, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu wa kusini, mwembamba, mpole, tena mjane asiye na mtoto. Kila akipita mlangoni kwangu lazima asimame: "Shikamoo dada." Mie Mzaramo, sikulelewa kuiacha shikamoo bila jibu. Naitika marahaba, lakini ya kukata. Upole wake ulinikera, maana mwanamke mgomvi unajua pa kumshika.

Hiyo ilikuwa miaka ya ujamaa, balozi wa nyumba kumi anapita mlango kwa mlango kuuliza nani kalima na nani hajalima. Sie tulikuwa na kipande chetu cha mahindi bondeni, kimepakana na cha mjane. Unga wa dukani ulikuwa wa foleni, na mara nyingi unarudi na kapu tupu. Nilikuwa na watoto wanne, wa tano yuko tumboni, na jembe la mkono limenishinda. Masika yakitukuta hatujalima, watoto wangu wangelala njaa mwaka mzima.

Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana moja mjini. Yeye ndiye aliyegundua kuwa uani kwa mjane, chini ya makuti, kuna trekta dogo la bustani. Marehemu mumewe alikuwa akitunza bustani ya Mzungu mmoja, na Mzungu alipoondoka akamwachia. Halikuwa limewaka miaka mingi. Wakakubaliana mume wangu alifufue, kisha lilime mashamba yote mawili. Makubaliano yenyewe nilikuja kuyasikia bombani, kutoka kwa wanawake wenzangu.

Basi ikawa kila jioni akitoka kazini anaegemeza baiskeli, anakunywa chai amesimama, huyo kwa mjane. Mie namfuata na chakula, si kwa mapenzi, kwa kuchunguza. Nakuta nini? Mwanamume kalala chini ya vyuma, mjane kakaa kule mbali juu ya gogo, anasugua kutu kwenye plau, lile jembe la kuvutwa na trekta, kwa jivu na mchanga. Heshima tupu. Ningewafumania wanacheka ningejua la kusema.

Vipuri havikuwepo mjini, kwa hiyo alibuni. Gasketi ya kuziba injini akaikata kwenye boksi la viatu. Tangi la petroli likawa kopo la mafuta ya kupikia. Matairi yalikuwa hayazibiki tena, akayashindilia makumbi ya nazi, na kwenye rimu akamimina zege ili trekta liwe zito, lisiteleze likivuta plau. Mpaka hapo nilivumilia. Siku moja nakitafuta kigoda changu cha jikoni, sikioni. Kumbe kimefungwa bolti juu ya trekta ndicho kiti, na juu yake kuna mto wa sufi ulioshonwa kwa kanga ya mjane. Kigoda changu, kanga yake, na anayekalia ni mume wangu. Niliona wivu mpaka nikashindwa kula.

Lilipowaka, Jumamosi moja, watu walijaa uani kulitazama. Mume wangu akafuta mikono, akasema, "Kesho asubuhi naanza na shamba la jirani."

"La nani?" nikamuuliza.

"La jirani. Shamba la kwanza, mama watoto, plau bado..."

"Mie na tumbo hili ningoje nyuma ya mtu asiye na hata mtoto wa kubeba?"

"Nisikilize kwanza. Plau halijapimwa, shamba la kwanza ni la..."

"La kwanza ni langu. La sivyo leo hii nakwenda kwa mama yangu Kisarawe, ubaki na trekta lako."

Watu wakatazama chini. Mjane alikuwa amesimama palepale. Akasema taratibu, "Shemeji, anza kwa dada." Nikajiona nimeshinda.

Jumapili wakaja shambani kwangu. Pale bondeni udongo mweusi ulikuwa wa kina cha kiganja tu, chini yake mchanga mweupe. Mstari wa kwanza plau likazama mno, mchanga ukaja juu, mweusi ukafukiwa. Mume wangu akasimamisha, akahamisha bolti ya kupima kina, likazama tena. Akanigeukia. "Tusimame hapa. Nikalipimie kwake, nirudi."

Niliuona ule mchanga. Nimelima tangu utoto, nilijua maana yake. Lakini mjane alikuwa ukingoni anatazama. Nikasema, "Endelea."

Alipokuja kupata tundu sahihi la kufungia, shamba langu lilikuwa limekwisha. La mjane likalimwa vizuri, jeusi lote.

Masika yakanyesha. Mahindi yake yakastawi, yangu yakawa ya njano, yamefika magotini, yamekoma. Nikamvaa mume wangu nikamwambia amemlimia yule kwa moyo na mie kwa kulipua. Hakukasirika. Akasema, "Yeye ndiye aliyetaka nianzie kwake. Alisema, shemeji, kosea kwangu, dada ana watoto."

 Nilikwenda jikoni nikakaa chini, kigoda hakikuwepo.

Mahindi yalipokomaa mjane akaja na tenga limejaa, amelibeba kichwani. "Shikamoo dada. Ya watoto haya." Nikaitika marahaba, nikampokea. Watoto walichoma, wakala, na mie nikala. Yalikuwa matamu, nikazidi kumwonea wivu. Maana najijua: ingekuwa mie ndiye mwenye shamba lile, na yeye ndiye mwenye la njano, nisingempelekea hata gunzi moja.